Nataka kuwa tabibu wa kairopraktiki: nianzie wapi?

Swali: "Shikamoo daktari. Nina miaka 26 na shahada ya sayansi ya michezo. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikichua wanariadha, na kazi ya mikono naipenda kuliko kitu kingine chochote. Siku hizi natazama sana video za matabibu wa kairopraktiki wakinyoosha migongo ya watu: mlio unasikika, mgonjwa anainuka anacheka. Nataka kuifanya kazi hiyo. Kaka yangu ni daktari wa hospitali, anasema huo ni uganga uliovaa koti jeupe na bora nisomee fiziotherapia. Je, hii ni taaluma ya kweli? Inasomwa wapi, na kwa miaka mingapi? Tena mimi ni mwembamba, nina kilo 52. Nitaiweza?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nimeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka ishirini na bado naipenda, kwa hiyo sikuandikii ili nikukatishe tamaa. Lakini niruhusu nianze na kaka yako, kwa sababu hoja yake ina mzizi. Ukiingia darasani bila kuujua mzizi huo, siku moja utakuja kuusikia kutoka kwa mtu asiyekupenda.

Tarehe 18 Septemba 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, mtu aitwaye Daniel David Palmer aliusukuma mgongo wa Harvey Lillard, mfanya usafi katika jengo alimokuwa na chumba chake cha kutibia. Palmer hakusomea udaktari. Alikuwa akitibu kwa kile alichokiita nguvu za sumaku. Lillard alikuwa na matatizo ya kusikia ya miaka mingi. Palmer alisimulia kwamba aliiona pingili imetokeza mgongoni, akaisukuma, na masikio ya Lillard yakafunguka. Mchungaji mmoja aliyekuwa mgonjwa wake, Samuel Weed, akaitungia tiba hiyo jina la kairopraktiki kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, mkono na tendo: tiba itendwayo kwa mkono. Mwaka 1897 Palmer akafungua shule.

Kilicholeta shida ni nadharia aliyoijenga juu ya siku ile moja. Alishikilia kwamba asilimia 95 ya maradhi yote hutokana na pingili za uti wa mgongo zilizohama mahali pake na kubana neva. Ukisoma anatomia ya mwaka wa kwanza tu utaona ilipokwama: neva ya kusikia haipiti mgongoni wala shingoni. Hutoka sikio la ndani ikaingia kwenye shina la ubongo, safari nzima ikiwa ndani ya fuvu. Hata kama Lillard alisikia vizuri zaidi siku ile, maelezo ya Palmer hayatuambii kwa nini.

Kwa hiyo kaka yako akisema uganga, anaisema nadharia hiyo, na hapo siwezi kumpinga. Ila yapo aliyoyarithi pia bila kujua. Mwaka 1963 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliunda kamati maalumu ambayo shabaha yake ilikuwa kuizuia kairopraktiki na hatimaye kuifuta. Kwa miaka mingi daktari wa Marekani aliyempeleka mgonjwa kwa tabibu wa kairopraktiki alihesabiwa kuwa amevunja maadili ya kazi. Mwaka 1976 Chester Wilk na wenzake wakaenda mahakamani, na mwaka 1987 jaji Susan Getzendanner akaamua kwamba chama hicho kilivunja sheria ya ushindani wa kibiashara. Mahakama ya rufaa ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 1990. Angalia vizuri hukumu ilisema nini: mahakama haikuamua kwamba tiba yetu inaponya. Ilisema watu hawa hawawezi kususiwa kwa njama. Kuonyesha kwamba tiba inasaidia ni kazi tuliyoachiwa sisi wenyewe.

Na tumeonyesha nini hadi sasa? Tumeonyesha kwamba maumivu ya mgongo yanapungua. Usidharau hilo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na hakuna hali nyingine inayowafanya wanadamu waishi miaka mingi zaidi na ulemavu. Mwongozo wa shirika hilo wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unataja tiba ya kusukuma uti wa mgongo kwa mkono miongoni mwa tiba zinazoweza kutolewa, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Chuo cha Marekani cha madaktari wa magonjwa ya ndani ya mwili kilisema jambo linalokaribiana na hilo mwaka 2017. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 unaongeza sharti ambalo mimi nalipenda: tiba ya mikono itolewe ikiwa sehemu ya mpango wenye mazoezi ndani yake, isisimame peke yake. Nafuu yenyewe ni ya wastani, inayolingana na ya tiba nyingine zinazopendekezwa. Mgonjwa atainama kufunga viatu vyake, atalala usiku, atarudi kazini. Kwa mtu aliyekosa usingizi wiki tatu hilo ni jambo kubwa, na ndilo lililonishika mimi hadi leo.

Nje ya mgongo, shingo, baadhi ya maumivu ya kichwa na viungo vya mikono na miguu, ushahidi unakuwa mwembamba haraka sana. Pumu, shinikizo la damu, masikio ya watoto, kulialia kwa watoto wachanga: huko hatuna cha kusimamia. Baraza la Kairopraktiki la Uingereza lilitamka mwaka 2010 kwamba wazo la zamani la pingili iliyohama, lile ambalo wenzetu huliita sabulaksesheni, ni la kihistoria na halina utafiti wa kuliunga mkono kuwa chanzo cha maradhi. Bodi ya Australia mwaka 2019 iliwaagiza matabibu wake wasisukume kabisa migongo ya watoto walio chini ya miaka miwili. Hawa si madaktari wa nje wanaotupiga vita. Ni wasimamizi wa taaluma yetu wenyewe.

Ndiyo maana nasema kairopraktiki ni taaluma moja yenye nyumba mbili. Katika nyumba ya kwanza, tabibu ni mtaalamu wa mifupa, misuli na neva ambaye hupima, hutibu kwa mkono na mazoezi, na humpeleka mgonjwa mbele pale asipoweza. Katika ya pili, kila mtu ana pingili iliyohama, hata asiyeumwa, hata mtoto wa siku tatu, na dawa ni kurudi kila wiki maisha yote. Zote mbili zina vyeti ukutani. Utakapochagua shule, utakuwa unachagua nyumba, na nakuomba uichague ya kwanza. Nasema hivyo bila kusitasita ingawa najua wapo wenzangu watakaoudhika.

Sasa tuje kwenye zile video zako. Mlio unaousikia si mfupa unaorudi mahali pake. Ni jambo lile lile la kualisha vidole. Kiungo kina ute ndani yake, na sehemu mbili zinapoachanishwa ghafla, shinikizo ndani ya ute hushuka na uwazi wa gesi hutokea. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivuta kidole cha mtu ndani ya mashine ya MRI, ipigayo picha za ndani ya mwili, wakaona uwazi huo ukifunguka wakati ule ule kiungo kilipolia. Mgongo unaweza kulia na mgonjwa asipate nafuu, na nafuu inaweza kuja bila mlio wowote. Wanafunzi wanaofukuza mlio ndio wanaoumiza watu, kwa sababu usipolia mara ya kwanza, wanasukuma tena kwa nguvu zaidi.

Tena kamera haionyeshi kilichotangulia. Wahenga walisema usione vyaelea, vyaundwa. Kabla ya zile sekunde tano kuna nusu saa ya maswali, kupima nguvu za misuli, kugonga goti kwa nyundo ndogo, kugusa ngozi kwa pamba kuona kama hisia ipo. Nikikukuta baada ya miaka kumi unasukuma vizuri lakini unapima vibaya, nitasema elimu yako ilipotea.

Nitakueleza kwa nini naling'ang'ania hili. Jioni moja, nikiwa na miaka michache kazini, mtu wa makamo aliletwa na mwanawe. Kiuno kilikuwa kimemsumbua kwa miezi, na safari hiyo maumivu yalikuwa yameshuka miguu yote miwili. Alikuwa ameshanyooshwa mahali pengine akapata nafuu, alitaka anyooshwe tu aende zake. Nikamwuliza kuhusu haja ndogo. Akanyamaza, akamtazama mwanawe. Nikamwomba kijana atupishe. Ndipo aliponiambia kwamba tangu jana usiku mkojo hautoki, na kwamba sehemu anayokalia imekufa ganzi kana kwamba si yake. Sikumlaza kitandani. Nilipiga simu hospitali, nikaandika barua ya mistari minne, na usiku ule ule akafanyiwa upasuaji.

Chini ya kiuno, neva zinazoshuka zimejikusanya kama singa, na jina lake la Kilatini maana yake ni mkia wa farasi. Diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, ikiziminya zote kwa pamoja, mtu ana saa chache kabla ya kupoteza udhibiti wa choo na mkojo, pengine moja kwa moja. Mikono yangu siku ile ilifanya kazi yake bora kwa kukaa mfukoni. Kuna mengine ya namna hiyo ambayo lazima uyajue kama jina lako: maumivu ya usiku yasiyotulia kwa mtu aliyewahi kuwa na saratani, homa pamoja na maumivu ya mgongo, kuanguka kwa mzee mwenye mifupa dhaifu, kupungua uzito bila sababu.

Shingo inahitaji heshima ya pekee. Ateri mbili hupanda kuelekea ubongoni zikipita ndani ya matundu ya pingili za shingo zenyewe. Utando wa ndani wa ateri ukichanika, damu inaweza kuganda hapo na kumletea mtu kiharusi. Baada ya kusukumwa shingo hilo limewahi kutokea, ingawa ni nadra. Ugumu ni kwamba mtu ambaye ateri yake imeanza kuchanika huhisi kwanza maumivu ya shingo na kichwa, na kwa maumivu hayo hayo huja kwako. Mgonjwa anayekuambia "sijawahi kuumwa kichwa cha namna hii", anayeona vitu viwiliviwili, anayepepesuka au kumeza kwa shida, huyo humgusi shingo. Na hata mgonjwa mzima kabisa lazima aambiwe hatari hiyo ipo, kwa maneno anayoyaelewa, kabla hajakubali.

Umeuliza miaka na mahali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unaeleza kwamba mtu asiye na elimu ya tiba anahitaji angalau saa 4,200 za masomo katika muda wa miaka minne, na kati ya hizo saa zisizopungua 1,000 ziwe za kutibu wagonjwa chini ya usimamizi. Hicho ni kiwango cha chini. Mtu akikuuzia kozi ya wikendi au ya miezi mitatu na cheti chenye neno kairopraktiki, hata kama umekwisha kuwa hodari wa kuchua, kimbia.

Marekani na Kanada wengi husoma kwanza miaka kadhaa ya chuo kikuu, hasa sayansi, kisha miaka minne ya kairopraktiki. Baada ya hapo, Marekani hufuata mitihani ya bodi ya taifa yenye sehemu kadhaa, mojawapo ya vitendo, na leseni ya jimbo utakalofanyia kazi. Shule ya Palmer bado ipo kule Davenport. Ile ya Toronto ilianzishwa mwaka 1945. Uingereza, chuo cha Bournemouth kilianza mwaka 1965, na kwa sheria ya mwaka 1994 mtu haruhusiwi kujiita tabibu wa kairopraktiki nchini humo bila kusajiliwa. Australia ina vyuo vikuu kadhaa vinavyofundisha. Barani Afrika, Afrika Kusini ina programu mbili, moja katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban na nyingine katika Chuo Kikuu cha Johannesburg, na zote hufikia shahada ya uzamili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Denmark. Katika Chuo Kikuu cha Southern Denmark, mjini Odense, wanafunzi wa kairopraktiki hukaa madarasa mamoja na wanafunzi wa udaktari katika miaka ya mwanzo. Wanapasua maiti pamoja, wanajifunza magonjwa pamoja. Jumla ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa kazi chini ya uangalizi kabla ya kujitegemea. Uswisi wamefuata njia ya namna hiyo tangu mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Zurich, ndani ya kitivo cha tiba, kwa miaka sita kabla hata ya mafunzo ya baadaye. Daktari na tabibu wa kairopraktiki waliofundishwa mfumo wa neva na mwalimu mmoja hawahitaji kusutana baadaye. Wanapigiana simu. Kama kaka yako angesoma Odense, nadhani barua yako ingekuwa tofauti.

Shahada yako ya sayansi ya michezo itakusaidia. Shule nyingi zitaikubali kama msingi, na zingine zitakusamehe baadhi ya masomo. Angalia tu kama ulisoma kemia na fizikia za kutosha, maana hapo ndipo waombaji wengi wenye shahada kama yako huambiwa warudi kuongeza masomo. Darasani utakutana na anatomia kwa kina usichokitarajia, fiziolojia, patholojia, neva, na usomaji wa picha za eksirei. (Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895, wiki chache tu baada ya Palmer kumshika Lillard, na shule ya Palmer ilikuwa na mashine hiyo kufikia mwaka 1910. Kwa muda mrefu taaluma yetu ilipiga picha kila mgongo ulioingia mlangoni. Leo mwalimu mzuri atakufundisha zaidi ni lini usipige.)

Pale unapochunguza shule, usiridhike na picha za majengo. Uliza kama imeidhinishwa na chombo cha ithibati kinachotambulika katika nchi utakayofanyia kazi. Kisha omba mtaala, usome wanavyoieleza sabulaksesheni. Wakiifundisha kama sehemu ya historia, vizuri. Wakiifundisha kama ugonjwa ambao kila binadamu anao, umekwisha kuijua nyumba ile. Uliza pia wanafunzi wao hutibu wagonjwa wa aina gani kabla ya kuhitimu. Mwanafunzi aliyetibu wanafunzi wenzake tu, vijana wenye afya, hajaona mgonjwa bado.

Kuhusu kilo zako 52, ondoa wasiwasi. Msukumo wetu hautegemei ukubwa wa mtu. Unategemea kasi na mkao. Huchukua chini ya robo ya sekunde na husafiri umbali mdogo sana. Nguvu hutoka kwenye uzito wa kifua na nyonga unaoangushwa kwa wakati mmoja, mkono ukiwa daraja tu. Vitanda vyetu vinapanda na kushuka, na vingine vina sehemu zinazodondoka kidogo kusaidia msukumo. Shule nyingi sasa zina vitanda vyenye vipimo vya nguvu ambavyo humwonyesha mwanafunzi kwenye skrini alivyosukuma, na mwanafunzi mdogo wa mwili akijifunza mapema kutumia mwili mzima huwa mpole na sahihi. Wale wenye misuli mikubwa hukawia, kwa sababu wanaweza kulazimisha, na mwenye uwezo wa kulazimisha huchelewa kujifunza.

Kitakachokutisha zaidi ni miaka. Vifundo vya mikono, vidole gumba, mabega na kiuno chako mwenyewe ndivyo vitakavyolipa. Mimi kidole gumba cha kulia hakijawa sawa tangu mwaka wangu wa sita, kwa sababu nilibonyeza misuli kwa ncha ya gumba mchana kutwa nikidhani ni sifa. Wewe umeshachua watu miaka mitatu, kwa hiyo huenda tabia hiyo unayo. Iache sasa. Tumia kiwiko, tumia kiganja, shusha kitanda, na fanya mazoezi ya nguvu kama unavyowaambia wanariadha wako.

Halafu kuna riziki. Hapa ndipo fiziotherapia inapotushinda mahali pengi, na kaka yako ana haki kamili ya kukukumbusha. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kuajiriwa hospitalini, wodini, kwa wagonjwa wa kiharusi, kwa watoto, kwa waliotoka kufanyiwa upasuaji, karibu nchi yoyote duniani. Sisi wengi wetu tunafanya kazi kliniki za binafsi, na wengi tunazimiliki. Ajira za taasisi zipo ila ni chache: Marekani, hospitali za wanajeshi wastaafu zilianza kutoa huduma hii mwaka 2004, na nchi zenye mfumo kama wa Denmark zina nafasi zake. Wewe una mlango wa michezo, na huo ni mzuri. Kwenye Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012 matabibu wa kairopraktiki walikuwamo katika kliniki kuu ya wanariadha, na lipo Shirikisho la Kimataifa la Kairopraktiki ya Michezo linalotoa mafunzo ya ziada kwa waliohitimu. Lakini hata huko lazima ukubali kwamba utajifunza hesabu za biashara, kodi ya chumba, bima ya makosa ya kitaaluma, na namna ya kumwambia mtu bei yako bila kuona aibu.

Riziki hiyo ndiyo inayowaangusha wazuri. Kliniki ya kwanza iliyoniajiri ilinitaka nimuuzie kila mgonjwa mpya mpango wa mahudhurio arobaini, alipe yote siku ya kwanza. Kulikuwa na maneno ya kukariri: umwonyeshe picha ya uti wa mgongo uliochakaa, useme "hivi ndivyo utakavyokuwa". Nilikuwa na deni la masomo, nikayakariri. Nilidumu miezi mitano. Siku niliyoacha ni siku nilipomsikia mama mmoja akimweleza mwenzake pale mapokezi kwamba ameahirisha kumlipia mwanawe ada ili amalize mahudhurio yake, na mimi nilijua kwamba kuanzia wiki ya nne hakuwa na maumivu tena. Mgonjwa wa kiuno cha ghafla, nikimwona mara kadhaa na hakuna mabadiliko yoyote, najiuliza nimekosea wapi na nani mwingine amwone. Akipona, namwonyesha mazoezi na kumwambia asirudi bila sababu. Nilihofia njaa nilipoanza kufanya hivyo. Kilichotokea ni kwamba waliopona waliwaleta ndugu zao.

Basi kairopraktiki au fiziotherapia? Ukitaka kazi ya mapana, mshahara wa taasisi na cheti kinachovuka mipaka kirahisi, nenda fiziotherapia bila majuto; hata huko unaweza kubobea katika tiba ya mikono, na wapo wataalamu wa fiziotherapia wanaosukuma migongo vizuri kuliko baadhi yetu. Ukitaka kuwa mtu wa kwanza ambaye mgonjwa wa mgongo anamwona, umsikilize, umpime, uamue mwenyewe na ubebe lawama ya uamuzi huo, basi hii ndiyo kazi yako. Mimi nilichagua kwa sababu hiyo ya pili, na ningechagua tena.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, tafuta tabibu mwenye usajili anayekubali ukae pembeni ya chumba chake siku tano, kwa ruhusa ya wagonjwa. Usiangalie mikono yake. Sikiliza anauliza nini kabla ya kugusa. Hesabu wangapi aliwaambia wasirudi, wangapi aliwaandikia barua kwenda kwa daktari, na wangapi walitoka pale wakiwa wameogopeshwa. Mwalike na kaka yako siku moja kama atakubali. Daktari anayeuliza maswali magumu ndiye mgeni anayetufaa zaidi.

Na kuna simu moja ya kupiga kabla ya zote. Amua kwanza ni nchi gani utafanyia kazi, kisha mtafute msajili wa taaluma za afya wa nchi hiyo umwulize mambo matatu: je, kairopraktiki inatambuliwa kisheria hapo, shahada ya shule unayoifikiria inakubaliwa, na aliyesomea nje anafanya mtihani gani kabla ya kupewa leseni? Zipo nchi nyingi ambazo hazina sheria yoyote juu ya kazi hii, na huko utaitwa jina moja na mtu aliyejifunza kwenye video. Majibu yao yaombe kwa maandishi, na barua hiyo uiweke pamoja na vyeti vyako.